Sauti Moja ya Mamkubwa

Kabla sijaona chochote cha maisha yangu mapya, nilisikia msichana analia.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimesimama ghorofa ya nne huko Barking, nchi ya Waingereza, pumzi zimenikatika kwa ngazi. Lifti ilikuwa mbovu, na mama yangu alinitanguliza juu, yeye akabaki chini kulinda masanduku. Mbele yangu palikuwa na mlango wa kijani, na nyuma ya mlango huo msichana alikuwa anamwomba baba yake asimwoze mtu asiyempenda. Sauti yake ilikuwa changa, nyembamba, inatetemeka mwishoni mwa kila neno. Kisha baba akanguruma. Kisha mama mtu akaanza kwikwi. Ikapiga radi, na juu ya radi mtu wa nne, mwenye haraka zake, akasema: "Sasa hapa ndipo anapotoroka. Tazameni!"

Nikajiambia kwamba nyumba ya mamkubwa imejaa watu, watu wenyewe wanagombana, na mimi nimefika siku mbaya. Nikabisha kwa kidole kimoja.

Kote kukawa kimya. Mlango ulipofunguliwa sikuona msichana wala baba wala mama mwenye kwikwi. Niliona wanawake watano wamekaa na sahani ya bajia, runinga yenye filamu iliyosimamishwa katikati ya mvua, na mbele yangu mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni, macho yake yanacheka. Huyo ndiye mamkubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Wote wale niliowasikia, pamoja na radi, walikuwa yeye.

Kila Jumapili mchana wanawake wa Unguja na Pemba waliokaa karibu walikuja kwake kutazama filamu za Kihindi. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha mbiombio, na wao Kiingereza chao kilikuwa cha kazini na cha kwenye basi. Hakikuwahi kufundishwa kukimbizana na mapenzi. Kwa hiyo mamkubwa alitafsiri. Nasema alitafsiri kwa kukosa neno lingine. Alipunguza sauti ya runinga mpaka ikabaki muziki tu, kisha akawa kila mtu. Alikuwa bwana harusi na askari na mama mkwe. Alikuwa farasi. Mtu akichelewa, alimsimulia yaliyopita kwa pumzi moja huku bado akilia kwa niaba ya mjane. Na kila mara alimwonya msichana wa filamu, maana hakuweza kujizuia: "Usifungue, mwanangu! Huyo si mtu wa posta!"

Kazi hiyo aliianza utotoni. Alikulia Mji Mkongwe, chini ya nyumba ya Wahindi. Kigujarati alikipata ngazini na Kihindi alikipata sinema, na siku za maonyesho ya wanawake, watu wazima walimwekea kiti katikati ya safu ili awanong'oneze. Waliokaa mbali walilalamika, ikabidi anong'one kwa nguvu. Mpaka leo mamkubwa hajui kunong'ona. Siri zake zote jirani wa ghorofa ya tatu anazisikia, bahati nzuri hajui Kiswahili.

Katika sebule ile ndipo nilipojifunza nyota wa filamu ni kitu gani. Kulikuwa na mwigizaji mmoja waliyempenda kuliko wote, mwenye macho makubwa na nyusi zilizoweza kukataa posa peke yake. Walimfuata tangu alipoigiza binti mpaka alipoanza kuigiza mama wa mabinti. Siku moja alihojiwa kwenye runinga, na mamkubwa alikuwa jikoni, kwa hiyo kwa mara ya kwanza wakamsikia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu kidogo.

"Maskini, ana mafua?" akauliza mmoja.

"Huyo si yeye," akasema bibi mmoja wa Pemba, mkubwa wao wote, ambaye hajawahi kushindwa kwa hoja mbele ya macho yangu. "Wamemweka mwingine."

"Si unamwona, bibi? Nyusi zake zile zile."

"Nyusi naziona. Nasema huyo si yeye. Aende akatafute sauti yake, kisha ndiyo arudi hapa."

Sauti yake ilikuwa jikoni inakoroga chatne ya nazi.

Nimeandika riwaya moja na nusu, na bado nadhani sijaandika jambo la kweli kuliko lile alilolisema bibi. Uso tunautazama, tunausifu, tunaubandika ukutani. Lakini sauti inaingia ndani ya mwili wetu, inakaa humo, na tukimpenda mtu wa kwenye pazia la sinema, mara nyingi tunayempenda ni yule aliyeingia. Wahindi wanalijua hilo tangu zamani: uso mmoja unafumbua kinywa, koo la mtu mwingine linaimba, na nchi nzima inazimia kwa mtu ambaye kwa hesabu ni wawili.

Mwaka jana nilisoma hadithi yangu mbele ya watu kumi na mmoja katika chumba cha juu cha maktaba. Baada ya hapo mzee mmoja wa Kihindi alinifuata, kofia mkononi, akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja cha zamani, kisafi kama shuka iliyohifadhiwa kabatini: "Binti, maneno yako yana midomo." Sikuelewa. Akaeleza. Ana studio ndogo ya sauti Hounslow, mwisho wa pili wa jiji, nyuma ya duka la vitambaa alilokuwa nalo baba yake baada ya kuhama Darajani, Unguja. Amepewa filamu ya Kihindi aitie sauti za Kiswahili ili ionyeshwe kwetu pwani, na anatafuta mtu wa kuandika mazungumzo.

Nikaajiriwa. Sijawahi kufanya kazi tamu na ngumu kama ile. Mwigizaji akifumba midomo, nami sharti nitafute neno lenye m, au b, au p. Akiacha kinywa wazi, neno langu limalizike kwa a. Nilikuwa ndani ya treni napigapiga paja kuhesabu silabi, abiria wananihama kwa heshima. Filamu yenyewe ilikuwa na msichana, nyota wa hadithi yote, anayekataa kuozwa, akaondoka kwao usiku wa mvua. Mzee alimpata mwanafunzi wa uigizaji amtie sauti. Dada huyo alisoma vizuri, alitamka vizuri, alifika kwa wakati. Nasi tulipomsikiliza tulihisi kama tunatangaziwa stesheni kwamba treni ya kuelekea mahali fulani itachelewa kwa dakika nne.

"Kusema anasema," mzee alisikitika. "Lakini halii. Na wenye filamu wanataka jina la mwenye sauti ya binti Jumamosi hii kabla ya usiku. La sivyo wataipeleka filamu studio nyingine."

Hapo nikamtaja mamkubwa.

"Ana umri gani?"

"Wa sauti au wa magoti?"

Akacheka, akasema mlete Jumamosi yenyewe.

Nilipompa habari, mamkubwa alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowahudumia, bado amevaa sare. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu, jambo ambalo nyumbani kwake ni kosa kubwa. Hakuuliza malipo. Aliuliza: "Binti tu? Yeye peke yake?"

Asubuhi ya Jumamosi tulipanda treni Barking tukabadilisha Hammersmith. Alivaa baibui lake la harusi za watu, mkoba mmoja begani na chombo cha bajia mapajani, kwa sababu hajui kwenda kwa watu mikono mitupu. Njia nzima alikuwa kimya, nami nikaogopa kwamba ameugua. Karibu na kufika ndipo aliposema, kwa kile anachokiita kunong'ona, behewa zima likageuka:

"Mwanangu, mie nimekuwa baba. Nimekuwa mwizi. Nimekuwa farasi miaka hamsini. Leo nataka niwe yule msichana tu, basi. Niwe mmoja. Unadhani nitaweza?"

Nikamwambia ataweza. Niliamini.

Mzee alimpokea mlangoni, wakasalimiana, na ndani ya dakika mbili wakagundua kwamba baba wa mzee ndiye aliyemuuzia bibi wa mamkubwa kitambaa cha mapazia.

"Yalififia," mamkubwa akasema.

"Baada ya muda gani, dada?"

"Miaka ishirini."

"Basi bibi yako alipunjwa kidogo tu."

Akamwingiza kwenye chumba cha kurekodia, kidogo kama kabati, kuta zake zimefunikwa sponji. Akamvisha vipokea sauti vya masikioni juu ya mtandio, akamwekea maikrofoni mbele na karatasi zangu kwenye stendi. Kwenye skrini akatokea yule msichana amesimama mbele ya baba yake, mvua nje ya dirisha. Taa nyekundu ikawaka.

Sijui nieleze vipi. Tulikuwa upande wa pili wa kioo, mimi na mzee, tunamwona mwanamke wa miaka sitini na tatu anayelalamika kila siku kuhusu goti la kushoto. Kisha akafungua kinywa, na kwenye spika akaingia msichana wa miaka kumi na tisa. "Baba, nimekutii tangu nijue kutembea. Leo niache nitembee mwenyewe." Midomo ilikaa sawa, pumzi zilikaa sawa, hata ule mtetemo wa mwishoni ulikaa sawa.

Halafu mamkubwa akageuza shingo, akateremsha sauti mpaka tumboni, akanguruma: "Mtoto wa kike hatembei mwenyewe!" Akalia kwikwi za mama. Akapiga radi. Na kabla mzee hajafika kwenye kitufe, akamgeukia msichana kwenye skrini akamwambia: "Usimsikilize, mwanangu, huyo baba yako kishapokea posa mbili!"

Mzee akasimamisha. Akainamia maikrofoni yake upande wetu.

"Dada, vizuri sana. Ila wewe ni binti tu. Baba ana mtu wake."

"Huyo mtu wake yuko wapi?"

"Atakuja kurekodi Jumatano."

"Jumatano! Sasa mie nagombana na nani mpaka Jumatano?"

"Unangoja tu, dada. Baba akifungua mdomo, wewe unanyamaza."

"Akinitukana je?"

"Unanyamaza."

"Haya."

Walirudia. Alinyamaza sekunde mbili, kisha baba akamtoka kama chafya. Walirudia tena. Safari hii alijiziba kinywa kwa mtandio, macho yamemtoka kwa juhudi, na zamu ya msichana ilipofika alichelewa kuufungua. Mara ya tano aliweza. Alisema maneno ya binti tu, akanyamaza panapostahili, akasema tena. Na ilikuwa mbaya. Sauti ilizeeka ghafla. Ilikuwa ya mwanamke aliyechoka, anayesoma karatasi. Mara ya sita ikawa mbaya zaidi, nami nilianza kutazama zulia la mzee kwa makini.

Mzee alitangaza chai. Ilikuwa saa saba na nusu. Mamkubwa alitoka, akakaa kwenye kochi dogo, akafungua bajia zake akamgawia kila mtu, yeye asile. "Msimlaumu huyu mtoto," alimwambia mzee. "Kaandika vizuri. Ni mie. Nimezoea kuwa wengi, kuwa mmoja nimeshindwa." Akaanza kutafuta viatu kwa mguu.

Nami nilijua nimemleta mwenyewe, kwa mkono wangu, hadi kwenye aibu hiyo. Nikainuka kwenda kukusanya karatasi zangu.

Mzee alitafuna bajia polepole. Akachukua ya pili. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Dada, ukiwa kwako Jumapili, binti anapolia, wewe unamwona nani?"

"Namwona baba yake, nani mwingine? Namwona anavyonikunjia uso."

"Lakini baba ni wewe."

"Ndiyo! Ndiyo maana najua kwamba hatanisamehe."

Mzee aliifuta mikono yake kidole kimoja kimoja. "Rudi ndani," akasema. "Uwe wote. Uwe na radi, uwe na farasi. Mwambie binti maneno yote unayotaka kumwambia. Usinyamaze hata kidogo. Mimi miaka yangu yote kazi yangu ni mkasi, kukata nakujua. Nitamtafuta binti mwenyewe humo ndani."

Mamkubwa alimtazama kama anayeshuku mzaha. Kisha akaviacha viatu.

Jamani, laiti mngekuwepo. Aliimaliza filamu nzima kipande kwa kipande mpaka saa kumi na moja, bila karatasi zangu nusu ya muda, akigombana na kujijibu, akijifukuza nyumbani na kujifuata mvuani. Alimtukana mposaji kwa tusi la Unguja nililolisikia mara ya mwisho utotoni, na mzee, ambaye alilitambua, alilazimika kutoka nje kucheka. Kisha tukakaa watatu kwenye kochi la watu wawili, naye akaanza kukata. Akaondoa baba. Akaondoa mama. Radi ikaenda, maonyo yakaenda. Akarudisha mwanzo, akabonyeza.

Msichana alisimama kwenye mvua akasema neno lake. Pakawa kimya pale alipokuwa baba. Kimya chenyewe kilikuwa kizito, kina kifua na masharubu, nasi tulimsikia binti anakisikiliza. Alipojibu, alijibu mtu. Yule dada wa sauti ya treni alingoja zamu yake. Huyu wetu alikuwa amepigwa na neno, na jibu lilimtoka kwa sababu halikuweza kubaki ndani. Nikaelewa, nikiwa nimebanwa katikati ya wazee wawili wanaonukia dania ya bajia, kwamba tunachokipenda kwa nyota ni jinsi anavyosikiliza, na kusikiliza kunasikika.

Mamkubwa alikuwa hajawahi kumsikia yule msichana akiwa peke yake. Aliinamisha kichwa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Wewe, dada."

Akasikiliza tena, mpaka mwisho.

"Kumbe mzuri," akasema, na machozi yakamshuka, machozi ya kwake mwenyewe, yasiyo na sauti yoyote.

Mzee aliwapigia wenye filamu mbele yetu. Jina likaandikwa. Vipande vya kurudia vilikuwa vingi, akasema, labda vya miezi mitatu, na chumba kingekuwa wazi siku moja tu kwa wiki. Akaitaja. Mamkubwa akanitazama. Ilikuwa Jumapili.

Wiki nzima aliahidi kuwapigia simu wale wanawake, na wiki nzima hakupiga. Kwa hiyo Jumapili walikuja kama kawaida, wakavua viatu, wakamkuta amesimama sebuleni na baibui na mkoba.

"Harusi ya nani?" akauliza mmoja.

Akawaeleza. Alieleza vibaya, akaanzia mwisho, akasahau kumtaja mzee, mpaka nikamsaidia. Halafu wakamrukia kwa vigelegele vilivyomgongesha jirani wa chini dari yake. "Lo! Nyota kwetu! Sasa tukikutaka tukate tiketi?" "Mwacheni, atatuwekea viti mbele." "Na mwenzio mwenye nyusi umemwachia nani, mwizi wewe?"

Bibi wa Pemba hakupiga kigelegele. Alikuwa ameshakaa mahali pake, fimbo kati ya magoti.

"Na leo?" akasema. "Leo sisi tutazame midomo tu?"

"Huyu hapa atawatafsiria," akasema mamkubwa, akinionyesha kwa kidevu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jambo hilo.

"Huyu? Sauti yake ya maktaba. Hata mwizi akiingia atamwomba radhi."

"Bibi, mimi sijui Kihindi," nikajitetea.

"Maandishi si yapo chini? Na Kiingereza si ndicho kilichokuleta?" Bibi akamgeukia mamkubwa, akamtazama kuanzia mtandio hadi viatu, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nilimwona mamkubwa anashusha mkoba begani, inchi moja, mbili. Neno moja tu la bibi, na angelivua lile baibui akakaa.

"Huyo msichana wako," akasema bibi, "ana mama?"

"Anaye. Analia tu, hamsaidii."

"Basi wewe mtie nguvu. Nenda, usimcheleweshe mtoto wa watu mvuani. Na mtandio ukae sawa, unakwenda kwa watu."

Mamkubwa akambusu mkono. Akawasha filamu, akapunguza sauti ya runinga mpaka ukabaki muziki, akanikabidhi rimoti bila kunitazama, akatoka huku bado anafunga mtandio. Kwenye picha mwanamke mwenye nyusi alikuwa ameshafumbua kinywa. Nyuso tano zikanigeukia, na huko ukumbini mlango ukajifunga nyuma ya mamkubwa.